Tuwajue Ndege Wetu: Kitwitwi si Mwizi wa Mpunga

Nenda asubuhi kwenye jaruba la mpunga, au kando ya mto, au ufukweni mwa ziwa. Simama kimya. Utaona ndege mdogo yuko peke yake ukingoni mwa maji. Anatembea, anasimama, anadonoa. Mkia wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Hata akisimama mkia hautulii. Huyo ndiye kitwitwi.

Hilo ni jina la pwani kwa ndege wadogo wa namna hii. Labda kwenu anaitwa jina jingine. Akiruka hulia "twii-wii-wii", na utaona jina linamfaa.

Mtazame vizuri. Urefu wake, tangu mdomo hadi mkia, ni sentimita 20 hivi. Mgongo ni wa kahawia na tumbo ni jeupe. Karibu na bega, mbele ya bawa, weupe wa tumbo unapanda juu kama kidole. Mtambue kwa alama hiyo. Yuko ndugu yake mwenye madoadoa meupe mgongoni, lakini huyo hupenda zaidi kukaa na wenzake.

Kitwitwi akishtuka hapandi juu angani. Huruka chini chini juu ya maji, halafu hutua mbele kidogo. Mwewe akimfukuza, anaweza hata kupiga mbizi! Tena haogopi wakubwa. Mara nyingine husimama juu ya mgongo wa kiboko.

Je, anakula mpunga? Hapana. Tazama midomo. Kwelea kwelea ana mdomo mfupi, mnene, wa kuvunja punje. Huyo ni adui kweli. Mdomo wa kitwitwi ni mrefu na mwembamba. Unaokota wadudu, mabuu, minyoo na konokono wadogo. Ndiyo maana humwoni kwenye masuke. Yuko chini, matopeni. Waambie watoto wanaoamia ndege wasimpige mawe.

Kitwitwi ni mgeni. Hataga mayai yake Ulaya na Asia, kando ya mito na maziwa ya huko. Kiota ni shimo dogo tu ardhini, na mayai kwa kawaida ni manne. Baridi ikija huko, wadudu hupotea na maji mengi huganda. Hapo husafiri kuja Afrika, mara nyingi usiku. Wa kwanza hufika kwetu Julai na Agosti. Wengi huondoka Machi na Aprili. Wachache hubaki, hasa wale ambao bado hawajaanza kuzaa.

Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 5,000. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, nasi tukifika tumechoka, ingawa tumepanda basi. Kitwitwi ana uzito wa gramu 50 hivi, karibu sawa na yai la kuku. Kabla ya kuondoka hula sana ili apate mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo chakula chake cha njiani. Kwa hiyo tope la jaruba lako ni ghala lake. Akikosa chakula hapa, hawezi kufika kwao.

Sasa jambo la hatari. Karibu na mwaka 2010, huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitia sumu ya wadudu ndani ya konokono. Walitaka kukamata korongo ili wawale na kuwauza. Korongo walikufa, na ndege wadogo wa matopeni walikufa pia. Sumu haichagui. Nyama ya ndege aliyekufa kwa sumu ina sumu. Ukiuziwa ndege wa majini, na muuzaji hasemi amewapataje, usinunue. Ukikuta ndege wengi wamekufa kando ya maji, usiwashike kwa mikono mitupu. Watoto na mbwa wasiwakaribie. Mwite Bwana Shamba au afisa wa wanyamapori.

Kazi yako mwezi huu ni hii. Chukua daftari. Siku utakapomwona kitwitwi, andika tarehe na mahali. Mwaka ujao andika tena, kisha linganisha tarehe hizo mbili.