Hadithi za mizimu bila mchapishaji: faida ni ya mwandishi, na hatari ni yake pia

Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, mwandishi wa hadithi za mizimu, majini na ulozi hahitaji tena kumpigia magoti mwenye nyumba ya uchapishaji. Anaandika, anaweka kitabu kwenye mtandao, anapanga bei mwenyewe na kungoja wasomaji. Njia hiyo imewatajirisha wachache huko Marekani. Huku kwetu mashariki mwa Congo, ambako simu imekuwa duka na maktaba, vijana wengi wanajiuliza kama na wao wanaweza kuipita. Jibu linahitaji kutazama mambo mawili: pesa, na uzito wa neno "mulozi" mahali ambapo neno hilo linaweza kuua.

Msichana wa Minnesota

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Amanda Hocking, mzaliwa wa mji mdogo wa Austin, jimbo la Minnesota. Alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia watu wenye ulemavu, na usiku aliandika. Wachapishaji walikuwa wamekataa maandishi yake mara nyingi. Mwezi wa 4 mwaka 2010 akaanza kuweka vitabu vyake mwenyewe kwenye duka la Amazon: hadithi za vampaya wanaopenda, na za viumbe wa porini wanaoishi kwa siri katikati ya wanadamu.

Katika muda usiofika miaka miwili aliuza vitabu zaidi ya milioni moja. Mwezi wa 3 mwaka 2011, kampuni ya St. Martin's Press ya New York ilikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 2 kwa vitabu vinne.

Wengi wanasimulia habari hiyo kama muujiza, lakini hesabu yake inaeleweka. Mwaka 2010 Amazon ilianza kumpa mwandishi asilimia 70 ya bei, ikiwa kitabu kinauzwa kati ya dola 2,99 na dola 9,99. Chini ya hapo anapata asilimia 35. Kwa hiyo kitabu cha dola 2,99 kilimwachia Hocking karibu dola 2, na kile cha senti 99 kilimwachia karibu senti 35. Mwandishi mwenye mchapishaji huko Marekani kwa kawaida hupata robo tu ya kile ambacho mchapishaji anapokea kwa kitabu cha kidijitali. Hocking aliuza kwa bei ndogo, akaandika mfululizo ili msomaji wa kitabu cha kwanza atafute cha pili, na akaja wakati vijana walikuwa wamekolea hadithi za vampaya tangu Twilight ilipotoka mwaka 2005.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba, alipokuwa kileleni, aliamua kwenda kwa mchapishaji. Alieleza kuwa alichoka na kazi isiyokuwa ya kuandika: kujibu barua, kutafuta wa kusahihisha makosa, kupanga majalada. Wasomaji walikuwa wakilalamikia makosa ya lugha hata baada ya yeye kulipa watu wa kusahihisha. Anayejichapisha anakuwa mwandishi, msahihishaji, mchoraji, muuzaji na mhasibu kwa wakati mmoja.

Mlango umejaa

Aliyeingia mwaka 2010 aliukuta uwanja mtupu. Leo hali ni nyingine. Tangu mwaka 2014 Amazon ina mpango ambao msomaji analipa kwa mwezi na kusoma anavyotaka, na kuanzia mwezi wa 7 mwaka 2015 mwandishi aliye humo analipwa kwa hesabu ya kurasa zilizosomwa. Anayeingiza kitabu cha kidijitali katika mpango huo haruhusiwi kukiuza kidijitali mahali pengine kwa siku 90, muda unaoweza kurudiwa. Kwa maneno mengine, mwandishi alimkimbia bosi mmoja akampata mwingine, asiye na uso na anayebadilisha kanuni anapotaka.

Kisha zikaja programu za akili bandia zinazotunga kitabu kizima kwa muda mfupi. Mwezi wa 9 mwaka 2023 Amazon ililazimika kuweka mpaka: mtu mmoja asiweke zaidi ya vitabu vipya vitatu kwa siku, na aiambie kampuni kama maandishi yametungwa na mashine. Vitabu vitatu kwa siku! Ikiwa huo ndio mpaka, mtu anaweza kukisia kilichokuwa kikiendelea kabla yake. Hadithi za mapenzi na vampaya zinafuata njia inayojulikana, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuigwa na mashine.

Kinshasa ilitangulia

Ifahamike hata hivyo kwamba Congo haikungoja Amazon. Kinshasa ya mwaka 1990, mchoraji ajulikanaye kama Papa Mfumu'Eto wa Kwanza alianza kutunga, kuchora na kuuza mwenyewe vijitabu vya hadithi za picha. Lugha ilikuwa Lingala ya mtaani, karatasi ya bei ya chini, wino mweusi, na viliuzwa sokoni na barabarani. Hadithi yake iliyojulikana zaidi ni ya mwanaume anayegeuka nguma, yaani chatu, anammeza mwanamke kisha anatapika dola.

Ilikuwa miezi ambayo Mobutu, tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wasomaji wengi waliona katika chatu yule sura ya utawala uliokuwa unawameza watu huku ukitema pesa kwa wachache. Hakuna mhariri ambaye angeruhusu hadithi ile ipite bila kuogopa. Mtu aliyejichapisha aliweza. Leo makaratasi yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo.

Kusini huko Lubumbashi, wachoraji walikuwa tayari wanauza picha za mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayegawa utajiri kwa masharti. Naye Zamenga Batukezanga, mmoja wa waandishi waliosomwa sana nchini, alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya wandoki. Kumbe wasomaji wa hadithi hizi wapo tangu zamani. Kinachokosekana ni njia ya kumlipa mwandishi.

Makuta yanapita wapi?

Hapo ndipo shida ya mashariki inaonekana. Kuchapa kitabu kwenye karatasi kunataka pesa mbele, na mwenye mashine hangoji mauzo. Kuuza kwenye maduka ya nje kunataka akaunti ya benki, na benki za Goma zilifunga milango mji ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2025. Bukavu ikafuata mwezi wa 2. Kwa wakaaji wengi, pesa ya simu imebaki njia kuu: M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money.

Kwa hiyo njia inayowezekana zaidi ni ile fupi: hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp, kwa maandishi ama kwa sauti. Msomaji anatuma franka kidogo na kupata kipande kinachofuata. Kipande kimoja kikishatumwa lakini, kinaweza kusambazwa kwenye vikundi mia bila jina la mwenyewe. Sheria ya haki za waandishi ipo tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, na inamlinda pia aliyejichapisha. Kumfuata mwizi wa hadithi kwenye simu ni shughuli nyingine. Angalau mwandishi aweke jina lake na tarehe ndani ya kila kipande, na atunze rasimu zake.

Uzito wa neno mulozi

Jambo la pili ni zito zaidi. Msomaji wa Minnesota anapofunga kitabu cha vampaya, haendi kumtafuta vampaya kwa jirani. Kwetu, mwaka 2021, wanawake kadhaa waliotuhumiwa ulozi waliuawa na makundi ya watu katika Kivu ya Kusini, wengine kwa kuchomwa moto. Katika matukio hayo walitajwa watu waitwao bajakazi, wanaodai kufunuliwa nani ni mulozi na nani siye. Kinshasa na miji mingine, watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno la mchungaji mmoja tu.

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Sheria hizo hazikatazi kutunga hadithi, wala hazipaswi kufanya hivyo. Mwandishi ana haki ya kumwandika bibi anayeruka usiku ndani ya ungo.

Tatizo linaanza pale hadithi inapouzwa kama "kisa cha kweli". Maneno hayo mawili yanauza sana, na kila anayetafuta wasikilizaji kwenye mtandao anajua hivyo. Mtu akitaja kijiji kinachojulikana, akiongeza mjane mwenye jicho jekundu, kisha akaapa kuwa ilitokea wiki iliyopita, hapo ametoka kwenye hadithi na kuingia kwenye tuhuma. Mjane wa namna hiyo yupo kweli katika kijiji hicho, na hajui kwamba sauti inazunguka kwenye simu za vijana. Nigeria iliishi mjadala kama huo: filamu End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyoonyesha watoto walozi, ililaumiwa na watetezi wa haki za watoto kwamba ilichochea hofu dhidi ya watoto wa kweli.

Kwa mchapishaji wa kawaida, kuna mtu wa kusema: "Toa jina la kijiji hiki." Anayejichapisha hana mtu huyo. Tena, tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo inaweza kumfikia anayesambaza uongo kwa njia ya mtandao. Sheria ya aina hiyo inaweza pia kutumiwa vibaya dhidi ya mwandishi asiye na kosa. Sababu mbili basi za kuandika wazi, mwanzoni mwa kila kipande, kwamba ni hadithi ya kutungwa.

Je, neno hilo litapunguza wasomaji? Waliokuwa wanamnunua Papa Mfumu'Eto walijua kwamba hakuna chatu aliyetapika dola sebuleni kwa jirani. Walinunua kwa sababu walitambua ndani yake nchi yao. Mwandishi kijana wa Uvira ama Butembo anayetaka kuishi kwa kalamu yake hana haja ya kumwonyesha kidole mama mzee wa mtaa. Chatu wa kuandikwa bado wapo wengi.