Mti ni wa nani katika shamba la mwingine?

Wangari Maathai anakumbukwa kwa miti, na kwa kumkumbuka hivyo tu tunampunguza. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti wa anatomia ya mifugo, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akaanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani. Mwaka 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani. Safari yake haikuanzia msituni. Ilianzia kwa wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba kuni ziko mbali, maji ni machafu na chakula hakitoshi. Malipo yao, kidogo sana, yalitolewa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliofukiwa mbele ya mgeni rasmi.

Sasa tuupeleke mche huo mkoani Rukwa, Tanzania, ambako kila halmashauri, kama nyingine nchini, imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Juu kwenye uwanda wa Ufipa kuna kilimo cha ntumba: masika yakielekea kwisha, nyasi hufukiwa ndani ya tuta la mviringo, maharage yakapandwa juu yake, msimu unaofuata tuta lililooza husambazwa, ulezi ukapandwa. Ni elimu ya udongo iliyotangulia mabwana shamba wote, na jembe la mwanamke limo ndani yake. Lakini ntumba ni ya misimu miwili, mti ni wa miaka ishirini. Kimila, katika sehemu nyingi za nchi hii, kupanda mti wa kudumu ni kudai ardhi. Anayelima kwa idhini ya mume au ya ukoo amepewa msimu, hakupewa miaka. Hesabu ya miche haitaliona hilo, hata ifike milioni ngapi.

Wapo watakaosema sheria imekwishalimaliza. Kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Ila kiti barazani si jina kwenye hati. Wengine watasema adui wa mche chini bondeni mwa Rukwa, kama kijijini Milepa, ni ng'ombe. Hoja hii ina uzito zaidi, maana mche usiolindwa haumalizi kiangazi. Hata hivyo, njia ya mifugo huamuliwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na asiye na shamba kwa jina lake huingia kwenye mjadala huo kama mgeni. Wangari mwenyewe alilijua hilo: ugomvi wake mkubwa, wa bustani ya Uhuru Park mwaka 1989 na wa msitu wa Karura mwaka 1999, zote jijini Nairobi, ulihusu nani ana haki ya kuigawa ardhi. Miche ilikuwa silaha tu.

Kwa hiyo, kabla ya msimu ujao wa miche, serikali ya kijiji cha Milepa, na za vijiji vya juu Ufipa, zianze na hatimiliki za kimila: jina la mke liandikwe pamoja na la mume, na la mjane liandikwe peke yake. Miche ifuate baadaye.