Ufundi wa kuinamisha bangi upelekwe kwenye kahawa

Natoa maoni yangu kuhusu kilimo cha bangi katika baadhi ya vijiji vyetu hapa Arumeru.

Bangi ikiachwa yenyewe husimama wima, ikapita mahindi na kuonekana kwa mbali. Ndiyo sababu wako wanaoikata ncha, wakaliinamisha shina lingali changa na kulifunga kwa kamba kwenye kigingi. Mmea hutambaa chini, ukafichika katikati ya mazao mengine, na matawi ya pembeni huinuka, kila moja likatoa maua yake. Mkulima amepata maficho na mavuno kwa mpigo mmoja.

Hapo hapana uchawi. Ncha ya shina hutengeneza kichocheo kinachozuia machipukizi ya chini yasikue. Ncha ikikatwa au kulazwa, machipukizi hayo hupata nafasi.

Ndugu Mhariri, ufundi huo si mali ya bangi. Mche wa kahawa nao huinamishwa ungali mdogo, ukatoa machipukizi mengi. Mkulima huchagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine akayaondoa. Badala ya shina moja anapata kadhaa ya kuzaa, na moja likizeeka hulikata, chipukizi jingine likashika nafasi yake. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, imetoa aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Kwa nini basi kijana akimbilie bangi? Tuseme kweli. Bangi huvunwa baada ya miezi michache, na mnunuzi huja na fedha mkononi. Kahawa humtaka angojee kama miaka mitatu, na akishauza huenda akasubiri tena malipo yake. Mahubiri matupu hayatamshinda mnunuzi wa bangi.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mzaha, na wako waliohukumiwa kifungo cha miaka 30. Baba akifungwa, sisi walimu tunaona pengo darasani: mtoto mkubwa huacha shule akawatafutie wadogo zake chakula. Hata kabla ya hapo, mtoto anayefundishwa kufunga kamba shina la bangi hufundishwa pia kunyamaza akiona mgeni. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu tayari amekunjwa vibaya.

Siwatetei wakulima wa bangi, na naunga mkono operesheni za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Lakini baada ya mashamba kufyekwa, naomba bwana shamba afike kabla ya mvua. Pale ardhi inapofaa kahawa, alete miche bora pamoja na mbegu za maharage ya kupanda katikati, ili mkulima ale wakati akingoja. Vyama vya ushirika navyo vilipe kwa wakati.

Kufyeka bangi bila kuacha zao jingine shambani ni kuikata ncha tu. Itachipua pembeni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Arumeru, Arusha.