UCHAMBUZI: Vumbi la manjano la mitambo ya joto kali na kikomo kipya cha kromiamu kazini

Tangu tarehe 17 Januari 2025, kikomo cha kromiamu yenye valensi sita katika hewa ya mahali pa kazi ndani ya Umoja wa Ulaya ni mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa nane. Kikomo cha mpito kilichotangulia kilikuwa mikrogramu 10, na 25 kwa moshi wa uchomeleaji. Ufaransa na Uholanzi zimekwenda mbali zaidi kwa kuweka mikrogramu 1.

Masharti hayo, yanayotokana na Maelekezo ya Umoja huo Na. 2017/2398, yanawagusa pia wafanyakazi wasiotajwa mara nyingi: mafundi wanaovua vihami joto ili kuifanyia matengenezo mitambo ya gesi, mabomba ya mvuke na tanuri. Wao hawachomelei wala hawapaki rangi. Hukuta tu unga wa manjano.

Asili ya unga huo ni chuma chenyewe. Chuma cha pua kisichoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na utando wa oksidi yake ndio unaokilinda. Joto linapokuwa kali, sehemu ndogo ya utando huo huungana na oksijeni na unyevu wa hewa na kugeuka mvuke. Mvuke ukifika kwenye nyuzi za kauri zenye joto la chini kidogo, huganda. Nyuzi hizo zikiwa na kalsiamu, sodiamu au potasiamu, huzaliwa kromati, chumvi za manjano zenye valensi sita. Mahali ambapo kihami kimegusana na chuma, hata mvuke hauhitajiki.

Hapo pana kinaya ambacho wasimamizi wa usalama hawana budi kukitazama. Nyuzi za kauri za alumini na silika zimeorodheshwa Ulaya kuwa zinaweza kusababisha saratani, hivyo viwanda vingi vilihamia kwenye nyuzi zinazoyeyuka kwa urahisi mwilini. Uyeyukaji huo hutokana na oksidi za kalsiamu na magnesi, ambazo pamoja na za sodiamu na potasiamu huzidi asilimia 18 ya uzito. Kalsiamu ileile iliyopunguza hatari moja ndiyo inayoipokea kromiamu. Uamuzi wa kubadili nyuzi haukuwa kosa, lakini haukuimaliza kazi.

Uzito wa jambo uko kwenye mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka kromiamu za valensi sita katika Kundi la 1, yaani visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Aidha, hutoboa ukuta wa kati wa pua na kuleta mzio wa ngozi.

Utambuzi wake si mgumu: kitambaa cha kupimia chenye kemikali ya difenilikabazaidi hugeuka rangi ya zambarau. Myeyusho wa asidi askobiki, yaani vitamini C, huirudisha kromiamu kwenye valensi tatu, isiyo na madhara makubwa kiasi hicho. Hata hivyo, unyunyiziaji huo hauondoi haja ya barakoa, mavazi ya kujikinga na kulowesha vumbi kabla ya kuligusa, kwa kuwa dawa haifiki kila tabaka.

Tanzania haifungwi na kikomo cha Ulaya, ila teknolojia ni ileile. Kituo cha Kinyerezi II, chenye uwezo wa megawati 240, hutumia joto linalotoka kwenye mitambo ya gesi kuzalisha mvuke. Kukitaja hapa si kusema kwamba unga huo umepatikana huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Katika matengenezo makubwa, wajibu huo unahitaji kuonekana ndani ya mkataba: kihami kilichofungwa ni cha aina gani, nani atapima kabla ya kukivua, na mabaki yake yatapelekwa wapi.