Maoni Yetu: Sukari ipimwe kabla ya fedha kuulizwa

Mtu akianguka Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi, mdomo umepinda na mkono wa kuume haushiki kitu, majirani hugawanyika. Wengine husema ni AVC, yaani kiharusi, wengine husema ametupiwa uchawi. Akipitishwa kwanza kwa mchungaji au kwa mganga wa kienyeji, saa zinakwenda. Hilo tumelikemea mara nyingi na tutaendelea kulikemea. Leo tunazungumzia kinachotokea baada ya kuvuka mlango wa hospitali, ndani ya dakika tano za mwanzo. Kitu cha kwanza, kabla ya fishi na kabla ya ndugu kuulizwa nani analipa, kiwe kumchoma mgonjwa kidole na kupima sukari yake. Na kipimo hicho kisidaiwe hata faranga moja.

Hatusemi hivyo kwa kuwa skana haina maana. Skana ndiyo inayoonyesha kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani hata kidogo. Lakini skana ni ghali, na mara nyingi familia huchangishana kwanza. Alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwa mgonjwa wa Ruashi anayefika kesho yake, dirisha hilo limekwisha fungwa. Glukometa, kifaa cha kupimia sukari, haina masharti hayo. Inaingia mfukoni mwa muuguzi, inataka tone moja la damu, na jibu linatoka katika sekunde chache. Hata Marekani, ambako vifaa vyote vipo, mwongozo wa matibabu ya kiharusi unasema kwamba kipimo pekee cha damu ambacho lazima kitangulie alteplase kwa kila mgonjwa ni cha sukari.

Sababu ni hii. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu moja ya tano ya nishati yote, na hauna akiba ya sukari ya kuutosha. Sukari ikishuka chini ya miligramu 60 kwa desilita, ubongo unaanza kushindwa kazi, na wakati mwingine unashindwa upande mmoja tu. Mkono unalegea, maneno yanakwama, uso unapinda. Kwa macho matupu daktari bingwa naye hawezi kuapa kwamba hicho si kiharusi. Tofauti ni kwamba huyu akitiwa glukozi kwenye mshipa anaweza kuamka na kuuliza nani amemleta hapa, wakati serumu bado inadondoka. Asipopimwa, atalazwa kama mgonjwa wa AVC, atachunguliwa asubuhi, na ubongo uliokaa saa nyingi bila sukari hauponi tena. Atakuwa amekufa, au amepooza maisha, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kabatini.

Watu wanaoshukiwa na sukari namna hiyo tunaishi nao. Ni baba aliyemeza glibenklamidi asubuhi kama alivyoandikiwa, kisha akaenda kazini na tumbo tupu, kwa sababu nyumbani kwake bukari, yaani ugali, inasongwa mara moja kwa siku, jioni. Ni nyanya anayejidunga insulini kwa kipimo kilekile alichopewa wakati alipokuwa akila mara tatu. Ni mtu aliyeshinda na pombe ya lutuku bila chakula. Ni mwenye figo dhaifu, ambaye dawa ya sukari hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Anayewaandikia dawa hizi lazima awaulize wanakula saa ngapi, na mara ngapi. Swali hilo halichukui hata dakika moja, na dozi isiyolijua jibu lake ni dozi ya kubahatisha.

Kwa familia tuna neno moja. Mgonjwa wa kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, lakini yuko macho, anazungumza na kumeza vizuri, mpeni maji ya sukari mara moja. Aliyesinzia, au ambaye mdomo umepinda na mate yanamponyoka, msimmiminie chochote. Maji yale huingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu na mkimbie naye hospitali, na mkifika semeni bila kuulizwa kwamba ana kisukari na ni dawa gani ametumia.

Upande wa pili wa kipimo ni sukari iliyopanda, nao unawahusu wagonjwa wengi zaidi. Mwili uliopatwa na kiharusi hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli, nazo hupandisha sukari hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Sukari hiyo haikai bure. Kandokando ya sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa kuna eneo ambalo bado ni zima ila linapata damu kidogo, na sukari nyingi pasipo oksijeni ya kutosha hujaza asidi katika eneo hilo. Uvimbe unaongezeka. Wagonjwa wanaofika na sukari ya juu hufa kwa wingi zaidi na hupona vibaya zaidi kuliko wenzao, na wakipewa alteplase hatari ya kuvuja damu ubongoni ni kubwa zaidi.

Basi si tuwadunge insulini nyingi, sukari ishuke haraka? Wazo hilo linaingia akilini kirahisi, nalo limejaribiwa kwa makini likashindwa. Uingereza walilijaribu kwa wagonjwa 933, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba halikuokoa maisha. Marekani wakarudia kwa nguvu zaidi katika utafiti ulioitwa SHINE, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Wagonjwa 1,151 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja sukari yao ilishushwa kwa insulini ya mshipani hadi kati ya miligramu 80 na 130 kwa desilita. Kundi la pili liliachwa na lengo la kawaida, chini ya 180. Baada ya siku 90, waliopona vizuri walikuwa asilimia 20.5 katika kundi la kwanza na 21.6 katika la pili, maana yake hakuna faida. Madhara yalikuwa upande mmoja tu: wagonjwa 15 kati ya 581 waliobanwa kwa insulini waliangukia sukari ya chini sana, na katika kundi jingine hakuna hata mmoja. Watafiti hao walikuwa na kompyuta ya kukokotoa dozi na wauguzi wa kuwapima kila mara. Katika wodi ambayo muuguzi mmoja anazunguka na wagonjwa wengi usiku, huku umeme wa SNEL umekatika na bandeleti za kupimia sukari zimebaki tatu, insulini ya namna hiyo ni hatari tupu. Lengo la busara, nalo ndilo lililomo katika miongozo, ni kuiweka sukari kati ya 140 na 180, na kutibu haraka iliyoshuka chini ya 60.

Kinachotupa matumaini ni utafiti mwingine, ambao tungependa kila mkuu wa wauguzi mjini hapa aujue. Ulifanyika Australia katika jimbo la New South Wales, kwenye vitengo 19 vya kiharusi, ukatangazwa mwaka 2011. Hawakuleta dawa mpya. Waliwafundisha wauguzi kufuata mambo matatu kwa saa 72 za kwanza: kupima joto na kuishusha homa ikifika nyuzi 37.5, kupima sukari mara kwa mara na kuitibu ikizidi mno, na kumjaribu mgonjwa kama anaweza kumeza kabla ya kumpa chakula au kidonge. Katika vitengo vilivyofundishwa, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42. Katika vile ambavyo havikufundishwa walikuwa asilimia 58. Yaani watu 16 zaidi katika kila 100 walitembea na kujihudumia, kwa kipimajoto, glukometa na kijiko cha maji mkononi mwa muuguzi aliyejua afanye nini. Tunajua kwamba Lubumbashi si Sydney. Lakini hakuna kifaa hata kimoja katika hivyo vitatu ambacho hospitali ya Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au kituo cha afya cha Kampemba haviwezi kuwa nacho.

Na kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hawa hujidunga nyumbani, watakaosema insulini haiwezi kukaa salama huko kwenye mji wenye umeme wa kukatikakatika, wasikie habari kutoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Huko Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Walipoiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki nne, nguvu yake haikutofautiana na ile iliyowekwa kwenye friji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Hifadhi ya hospitali na ya famasi ibaki kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hilo halina mjadala. Ila mgonjwa asiye na friji asinyimwe insulini kwa sababu hiyo, na asiache kujidunga eti umeme umekwenda.

Sasa fedha. Desturi ya kumtuma ndugu famasi akanunue glavu, sindano na bandeleti wakati mgonjwa amelala kwenye machela inajulikana na kila mtu mjini hapa, na kwa kipimo cha sukari desturi hiyo inaua. Kodeksi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 inakwenda kwa jiji, komini, sekta au utawala wa kichifu ambamo mgodi upo. Haut-Katanga ni mkoa wa shaba na kobalti. Mkoa wenye mrabaha huo hauwezi kusema haumudu bandeleti za chumba cha dharura.

Tunaitaka Divisheni ya Afya ya Mkoa itoe agizo la maandishi kwa zone zote za afya za Lubumbashi: kila anayefika amepooza ghafla, amechanganyikiwa au amezimia apimwe sukari kabla ya kuandikishwa, namba iandikwe kwenye fishi yake pamoja na saa, na apimwe tena angalau kila saa sita kwa siku tatu. Tunaitaka serikali ya mkoa ilipie bandeleti hizo na glukozi ya mshipani kutoka fungu la mrabaha, na itangaze hadharani imelipia ngapi na zimepelekwa wapi. Nawe msomaji, ukimfikisha mtu wako hospitali katika hali hiyo, swali la kwanza kwa anayempokea liwe: sukari yake ni ngapi?