Bei ya Kitambaa Ni Ile ya Kufika Korbesa

Ukiona kwa WhatsApp kitambaa cha pamba kimeandikwa shilingi 250 kwa mita, unafurahi. Lakini hiyo ni bei ya mtu aliyesimama dukani Eastleigh na mfuko mkononi. Wewe uko Korbesa. Kati yako na hilo duka kuna gari la Nairobi hadi Isiolo, gari lingine la Isiolo hadi Merti, halafu bodaboda au lori la kukumalizia safari. Kila mmoja hapo anataka chake, na kila mmoja analipwa kwa simu.

Maoni yangu ni haya: nauli ya mzigo si gharama ya pembeni. Ni sehemu ya bei ya kitambaa. Fundi akikosa kuihesabu hivyo, atashona mwezi mzima na faida yote imebaki barabarani.

Nasema hivi nikiwa mtu aliyesomea masoko chuoni. Darasani tunafundishwa mapema kwamba mteja huangalia namba ya kwanza na kusahau zinazofuata. Ndiyo maana muuzaji huweka bei ya mita kwa herufi kubwa, kisha nauli unaambiwa baadaye kwa meseji, wakati moyo umeshapenda rangi. Na lile tangazo la "usafiri ni bure"? Lisome vizuri. Mara nyingi ni bure ndani ya Nairobi tu. Hakuna gari linalosafiri bure kuja Merti.

Hebu tupige hesabu

Tuchukue fundi anayeshona zile shuka nzito za vipande vipande, za tabaka mbili na pamba katikati. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako.

Anaagiza mita 6 kwa shilingi 250. Hiyo ni 1,500. Nairobi hadi Isiolo analipa 350, Isiolo hadi Merti 300, na Merti hadi nyumbani 200. Nauli peke yake ni 850. Jumla ni 2,350, kwa hivyo ile mita ya 250 imefika mlangoni ikiwa karibu 392. Akiuza shuka kwa 3,000, anabaki na 650, na hapo bado hajatoa uzi, pamba ya kujaza, wala siku zake za kukaa kwa cherehani. Hiyo si biashara, ni kujichosha.

Sasa wachukue mafundi watano, kila mmoja anataka mita 6, na wote wanaagiza pamoja. Kitambaa ni 7,500. Mzigo umekuwa mkubwa, tuseme nauli imepanda hadi 600, 400 na 300, yaani 1,300. Jumla ni 8,800, na kila mmoja anatoa 1,760. Kwa shuka ileile ya 3,000, fundi sasa anabaki na 1,240. Kitambaa ni kilekile, muuzaji ni yuleyule, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hawakuagiza kila mtu kivyake.

Inawezekana vipi? Mita 6 za pamba nyepesi ya upana wa kawaida zina uzito wa karibu kilo moja. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi huwa na kiwango cha chini cha malipo, kwa hivyo kilo ya kwanza ndiyo ghali na zinazofuata huongezeka polepole. Na kwa magari ya kuingia Merti, mara nyingi bei ni ya maelewano kwa mzigo, hakuna mizani. Gunia moja lililofungwa vizuri ni nafuu kuliko mifuko mitano midogo ya siku tano tofauti. Muda nao ni pesa. Ile barabara ya vumbi ikinyeshewa inageuka matope, na oda ndogo ndogo zinakwama moja moja huku mteja wako akikupigia simu kuuliza shuka yake.

Wa ng'ambo je?

Kuna wanaopenda vitambaa vya maua vya Marekani au China wanavyoviona mtandaoni. Hapo nauli inaweza kukuuma mara mbili. Kwa kawaida forodha ya Kenya haihesabu ushuru kwa bei ya kitambaa peke yake. Inachukua bei ya kitambaa, bima na nauli ya kukifikisha nchini, inajumlisha, ndipo inatoza. Halafu kuna VAT ya asilimia 16 juu yake. Maana yake, unaweza kulipa nauli, kisha ukalipa kodi kwa ile nauli uliyolipa. Kwa mita 3 au 4 za kujaribu, sioni fundi wa kijijini akitoka na faida hapo.

Najua kuna atakayesema, "Si ununue tu Isiolo mjini yaishe?" Ni jibu zuri wakati mwingine. Lakini kumbuka, kitambaa cha Isiolo pia kilipanda gari kutoka Nairobi, na mwenye duka ameshaweka nauli yake ndani ya bei. Usilinganishe bei ya Eastleigh na bei ya Isiolo. Linganisha bei mbili za kufika nyumbani kwako. Ikiwa Isiolo ni nafuu kwa hesabu hiyo, nunua Isiolo.

Muuzaji naye ana kazi

Wauzaji hujitetea kwamba hawajui nauli ya Korbesa. Sawa, hatuwezi kumtaka mtu wa Nairobi ajue bei ya bodaboda ya Merti. Lakini nauli ya hadi Isiolo anaijua, kwa sababu anatuma mizigo kila wiki. Aiandike kando ya bei, mahali pa kuonekana. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamtaka anayeuza kupitia mtandao atoe maelezo yanayotakiwa kabla hamjakubaliana. Kwa hivyo ukiuliza nauli kabla ya kulipa, wewe si mteja msumbufu. Unadai haki yako.

Namna ya kulipa bila kuumia

Kwanza, uliza "hadi Isiolo ni ngapi yote pamoja?" na upate jibu kwa maandishi. Simu ya mdomo haiachi ushahidi.

Pili, mkiagiza kama kikundi, chagueni mmoja anayeaminika awe mweka pesa, kama mnavyofanya kwenye chama. Mkiwa kijiji kimoja, mnaweza kumpa pesa taslimu aziweke kwa wakala, kwa sababu kuweka hakukatwi ada. Mkimtumia kwa simu, ada ya kutuma iingizeni kwenye hesabu. Ndiyo, sisi tunaishi kwa ada, lakini bado nakuambia uihesabu.

Tatu, muuzaji akiwa na namba ya tili, lipia hapo badala ya namba yake ya kibinafsi. Angalia jina la biashara linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa geni, simama na uulize.

Nne, tenganisha pesa ya kitambaa na pesa ya nauli. Baadhi ya ofisi za mizigo zinakubali anayepokea ndiye alipe. Ukiweza, lipa nauli mzigo ukishafika. Kama muuzaji anataka nauli mapema, akutumie picha ya risiti ya ofisi ya mizigo yenye namba ya mzigo. Usifute meseji za malipo mpaka umekipima kitambaa.

Tano, weka daftari. Andika nauli ya kila kipande cha safari. Baada ya oda tatu utajua bei yako halisi ya mita, na hakuna tangazo litakalokubabaisha.

Barabara hatuwezi kuitia lami kwa simu. Lakini mafundi watano wa Korbesa wanaweza kukubaliana siku moja ya kuagiza kila mwezi, na hilo halihitaji mkopo wala mradi wa mtu. Linahitaji kikundi cha WhatsApp, mweka pesa mwaminifu, na swali moja kabla ya PIN: mpaka kwangu, ni ngapi?