Tumbo la Mzee Halijajazwa na Chira

Huku Homa Bay na Migori, mzazi akianza kukonda mabega huku tumbo likijaa maji, maneno ya watu humfikia kabla ya daktari. Nawajibu kwa ajili ya wanaouguza.

"Ni chira, laana ya kuvunja mwiko." Sivyo. Mzee aliyekulia Mbita, Karungu au Muhuru Bay, akioga na kuvua ziwani tangu utotoni, huenda ameishi na kichocho cha tumbo miaka mingi. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama kwenye ini na kuacha makovu, damu ikakosa njia, wengu ukavimba. Mwingine ana homa ya ini B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2001, wazazi wetu wakiwa watu wazima.

"Ni ulevi tu." Chang'aa huharibu ini, kweli. Lakini wapo akina mama wasioionja kamwe na wanaugua.

"Asile samaki wala mayai." Hili linaniuma kuliko yote. Mgonjwa wa ini huisha misuli upesi. Mpe samaki, mayai, maharagwe, na uji kabla ya kulala asikae usiku kucha na njaa. Kinachopunguzwa ni chumvi, pamoja na samaki waliokaushwa kwa chumvi.

"Akitolewa maji tumboni, amekwisha." Kutolewa maji humsaidia kupumua, nayo maji hupimwa kama yana maambukizi. Tumbo likiuma na homa ikapanda, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

"Ni uzee, anaropoka." Mama akilala mchana na kukesha usiku, akatia chumvi kwenye chai, mikono ikimtetemeka akiinyoosha, huenda sumu iliyolishinda ini imefika ubongoni. Mara nyingi chanzo ni kufunga choo, maambukizi au damu inayovuja tumboni. Mpeleke hospitali. Akiandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, hakikisha anapata choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Vidonge vya usingizi usimpe.

"Manyasi yatasafisha ini." Makovu hayasafishwi, na baadhi ya mitishamba huliumiza zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani nazo huumiza figo na kuleta hatari ya kuvuja damu.

Akitapika damu au akapata choo cheusi kama lami, mkimbize usiku huohuo. Na ikiwa ni homa ya ini B, wewe na ndugu zako nendeni mkapimwe wiki hii.